Tupime damu ya kila mjamzito, au tupime udongo wa sokoni?

Habari ya Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 huko Mombasa, imezoeleka kusimuliwa kama habari ya Pwani. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi kando ya mtaa huo mwaka 2007, na kilipofungwa mwaka 2014 madini ya risasi yalikwishaingia katika udongo, maji na damu za wakazi. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa hapo, alianza kupaza sauti baada ya kubainika kwamba mwanawe, aliyekuwa bado ananyonya, alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kutokana na kesi kama hiyo limezuka pendekezo ambalo sisi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hatuna budi kulipima kwa makini: kwamba kila mjamzito anayeanza kliniki apimwe kiwango cha risasi katika damu.

Wanaoliunga mkono wana hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote inahusu mifupa. Risasi ikiingia mwilini hukaa katika damu kwa wiki kadhaa tu, lakini sehemu kubwa huhamia mifupani, kwa kuwa mwili huichukua kana kwamba ni kalisi (kalsiamu), na huko huweza kukaa miaka 20 na zaidi. Mimba inapodai kalisi ya kujenga mifupa ya mtoto, mifupa ya mama hutoa akiba yake, na risasi iliyolala humo hutoka pamoja nayo. Hivyo binti aliyekulia jirani na karakana ya betri, kisha akaolewa kijiji cha mbali chenye hewa safi kabisa, huweza kumpa mwanawe sumu aliyoivuta akiwa na umri wa miaka minane. Kondo la nyuma haliizuii. Matokeo yake ni pamoja na mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo, shinikizo la damu kupanda kwa mama, na ubongo wa mtoto kudhurika kwa namna isiyorekebishika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba madhara hayo yanafanana mno na matatizo tuliyoyazoea. Mjamzito mwenye upungufu wa damu hupewa vidonge vya madini ya chuma na kuruhusiwa kurudi nyumbani, na mara nyingi hilo ndilo jambo sahihi. Lakini risasi nayo huvuruga utengenezaji wa damu, na mwili uliopungukiwa chuma hufyonza risasi nyingi zaidi kutoka tumboni, kiasi kwamba tatizo moja hulisha jingine bila yeyote kulitambua.

Upande wa pili hausemi kwamba risasi haina madhara. Unauliza swali ambalo mhudumu wa zahanati ya Makete au Ileje lazima alijibu asubuhi ile ile: nikishajua, nifanye nini? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaelekeza kwamba mjamzito mwenye mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa kila desilita ya damu atafutiwe chanzo na aondolewe kwenye chanzo hicho, na apewe kalisi au madini ya chuma ikiwa amepungukiwa. Dawa za kuitoa risasi mwilini hutumika tu pale kiwango chake katika damu kinapokuwa juu sana, tena kwa uangalizi wa wataalamu. Kwa maneno mengine, kwa walio wengi tiba ni chakula bora, vidonge ambavyo baadhi yake tayari wanavipata, na kuondoa chanzo. Halafu kuna hofu. Mama aliyeambiwa ana sumu katika damu anaweza kuacha kunyonyesha, ilhali wataalamu wa Marekani wanashauri aendelee isipokuwa kiwango kimefika mikrogramu 40 kwa desilita, na mtoto aliyenyimwa ziwa la mama bila sababu amedhurika kwa njia nyingine.

Hoja hizo nazikubali. Ninayoikataa ni ile inayoambatana nazo, kwamba huku kwetu hakuna viwanda wala bandari, kwa hiyo hakuna risasi. Betri za malori yanayopita Mbeya kuelekea Tunduma na za sola vijijini huishia kwa mafundi na wanunuzi wa vyuma chakavu, na anayezipasua na kuyeyusha risasi kwenye jiko la mkaa anafanya kwa udogo kile kile kilichofanyika Owino Uhuru. Huko Chunya tumejifunza kuiogopa zebaki ya wachimbaji wa dhahabu, lakini jimboni Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, vumbi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani ndilo lililoua mamia ya watoto, kwa sababu mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Reli ya TAZARA inayopita hapa inaishia Kapiri Mposhi, Zambia, si mbali na mji wa Kabwe, ambako mgodi wa risasi uliofungwa mwaka 1994 bado unaathiri watoto hadi leo. Sufuria zinazosubuliwa mitaani kwa kuyeyusha mabaki ya vyuma mchanganyiko nazo huweza kuachia risasi ndani ya mchuzi, hasa wenye nyanya au limau.

Na kuna pemba, ule udongo mkavu ambao wajawazito huutafuna wakiwa na hamu. Hamu hiyo mara nyingi huenda sambamba na upungufu wa madini ya chuma, na kumkaripia mjamzito kwa ajili yake ni kumwonea. Udongo si mmoja: wa shimo moja unaweza kuwa na risasi kidogo sana, wa shimo jingine ukawa na ya kutisha, na mnunuzi pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, hana namna ya kutofautisha kwa macho wala kwa ulimi.

Ndiyo maana naona mjadala umeanzia mahali pasipofaa. Kabla ya kuchoma sindano mikono ya maelfu ya wanawake, tupime vitu. Vipande vya pemba na sufuria kutoka masoko yetu makubwa, pamoja na vumbi la karakana na la makarasha ya Chunya, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ni sampuli za kuhesabika, na Mamlaka ya Maabara ya Kemia ya Serikali ina ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Najua udhaifu wa njia hii: mzigo wa pemba wa mwezi huu si wa mwezi ujao, na kupima udongo wa leo hakufichui risasi iliyoingia mifupani miaka 15 iliyopita. Kwa hiyo haitoshi peke yake. Kliniki nayo iulize, bila ukali, kama mama anakula udongo, kama anaishi jirani na karakana au karasha, amekulia wapi, na mume au yeye mwenyewe anafanya kazi gani. Ambaye majibu yake yanatia shaka ndiye apimwe damu, na gharama ya kipimo hicho isiwe juu yake. Madaktari wa wanawake wa Marekani, wenye maabara kuliko sisi, nao hawapendekezi kumpima kila mjamzito, bali kuuliza kwanza na kumpima ambaye majibu yanaonyesha yuko hatarini.

Lipo jambo moja ambalo maswali hayo yatalifichua haraka, nalo halihitaji maabara. Risasi hurudi nyumbani katika nguo. Fundi anayepasua betri mchana kutwa huvua ovaroli jioni, na anayeikung'uta na kuifua ni mkewe, wakati mwingine akiwa na mimba ya miezi mitano na mtoto mwingine akitambaa pembeni ya beseni. Ovaroli hiyo inaweza kubaki karakana, na fundi akanawa kwa sabuni na kubadili nguo huko huko kabla ya kumpakata mwanawe, hata wiki hii.