Mbwa koko ana mwenyewe

Alfajiri moja pale Deep Sea, hapa Tanga, kabla mashua hazijashusha dagaa, nilikuta boksi la sabuni limeegemezwa kwenye kizimba cha taka. Ndani walikuwamo watoto wanne wa mbwa, macho hayajafunguka, wamelaliana juu ya kipande cha kanga. Mama mmoja mkaanga samaki aliwageuza mmoja mmoja, akaguna. "Majike watupu, mwanangu. Madume yameshapata wenyewe."

Mjadala wa mbwa wa Tanga ungefaa uanzie kwenye boksi kama hilo. Lakini huwa unaanzia kwenye jeraha. Mtoto wa Makorora ang'atwe akienda madrasa, jioni watu wanajaa kwa mwenyekiti wa mtaa. Wengi wanadai risasi au sumu, wachache wanajibu kwamba mnyama naye ana haki yake, wahasiwe tu. Kila upande unarudi nyumbani umenuna, na mbwa wako palepale.

Wanaotaka risasi siwaiti makatili. Kichaa cha mbwa, dalili zikishamtokea mtu, hakina tiba. Kinachobaki ni kumsindikiza. Inakadiriwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu duniani kila mwaka, Tanzania wapatao 1,500, na karibu wote huwa wameambukizwa na mbwa. Aliyeng'atwa anatakiwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika 15, kisha awahi sindano, tena si moja, ni ya leo na ya kurudi na kurudi. Mzazi anayepanda daladala na mwanawe kwa mara ya tatu, nauli yenyewe ya kukopa, ukimwambia habari za kufunga uzazi wa mbwa atakuona unamfanyia dhihaka. Na mbwa aliyekwisha kuonyesha dalili, anayetokwa mate na kung'ata hata gogo, huyo hana mjadala.

Tatizo la risasi ni hesabu. Jike hubeba mimba siku 63 hivi, huzaa wanne, watano, hata sita, na anaweza kurudia ndani ya mwaka huohuo. Wakiuawa wa Chumbageni, matumbo ya samaki na mabaki ya mama lishe hayafi pamoja nao. Wa Sahare wanahamia. Halafu anayeuawa kwanza ni yule mpole anayemsogelea mtu, ambaye pengine ndiye aliyechanjwa. Mkali ameshakimbilia vichakani. Kisiwa cha Flores kule Indonesia kilipoingiwa na kichaa mwaka 1997, mbwa waliuawa kwa mamia ya maelfu na ugonjwa ukabaki. Sumu ndiyo mbaya zaidi, maana haichagui: paka, kuku wa jirani, hata kunguru (kwa kunguru wa mji huu, sidhani kama yupo atakayeweka matanga). Na tangu mwaka 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, ingawa kwenye kikao cha mtaa chenye mtoto aliyefungwa bendeji sijawahi kusikia mtu akiitaja.

Mfano mzuri hatuna haja ya kuufuata mbali. Pemba iko ng'ambo ya mkondo tu. Kule walichanja mbwa kisiwa kizima, mwaka hadi mwaka, na kufikia Mei 2014 kichaa kilikuwa kimekatika. Chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia upya, mara mbili, mlipuko ukaanza. Wakarudi kwenye chanjo, na Oktoba 2018 wakaukata tena. Kipimo kinachotumika ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, na kila mwaka, kwa sababu kila mwaka kuna watoto wapya ambao sindano haijawagusa.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na watetezi wa kuhasi, ingawa moyo wangu uko kwao. Kuhasi kunataka daktari wa mifugo, dawa ya usingizi, na mahali pa kumlaza mnyama mpaka kidonda kikauke. Ukihasi kumi Ngamiani na kuwaacha mia, hujafanya kitu. Ni kazi ya miaka, na kichaa hakisubiri. Kwa bajeti ya halmashauri zetu, chanjo itangulie, kisu kifuate pale fedha inaporuhusu, tena kianze na majike. Wapo pia wenye huruma wanaomwaga makombo barazani kila jioni lakini siku ya chanjo hawana habari. Hao wanaongeza mbwa, basi.

Paka nawaweka kando kidogo, maana hakuna anayewataka risasi. Wauza nafaka wa Mgandini wanawahitaji: paka akiondoka, panya hutawala. Hata hivyo nao wanashushwa sokoni usiku ndani ya viroba, na paka akiambukizwa kichaa naye huambukiza.

Kwa mbwa kuna jambo la kwetu sisi watu wa pwani. Mate yake ni najisi, hivyo mbwa halali ndani, hashikwi, na siku ya chanjo mtu mzima anaona haya kumburuta kwa kamba, anamtuma mtoto. Ila watu haohao wamehadithiwa madrasa yule mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Najisi haijawahi kuwa ruhusa ya kutupa.

Na wengi tunaowaita koko si koko. Pita usiku penye maduka: yule aliyekuwa akizurura mchana amelala mlangoni, na asubuhi anatupiwa ugali. Akifukuza mwizi ana mwenyewe. Akimng'ata mtoto ni mbwa wa mtaani. Risasi inampendelea sana mtu huyo asiyejitaja, kwa sababu inamwondolea deni bila kumuuliza jina.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kuandikisha mbwa kwa ada. Naipinga. Ukiweka ada leo, kesho maboksi ya Deep Sea yatakuwa mawili. Mtaa uandikishe bure, siku hiyohiyo ya chanjo, kadi itolewe kwa jina la nyumba, na faini imsubiri anayetupa. Yule mama mkaanga samaki alichukua jike mmoja, alinde kibanda chake. Kadi ikiwa bure atamleta. Ikiwa ya kulipia, atakwambia mbwa huyo hamjui.