Bei ya Mgeni Getini

Tangu tarehe 1 Januari 2026, mtu wa miaka 16 na kuendelea ambaye si mkazi wa Marekani akitaka kuingia Grand Canyon, hifadhi ya korongo kubwa kule Arizona, analipa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida. Hifadhi zilizopangiwa tozo hiyo ni 11, Yellowstone na Yosemite zikiwemo. Anayetaka kuikwepa anunue kadi ya mwaka, ambayo kwa mkazi ni dola 80 na kwa mgeni ni dola 250. Habari hizi zilipofika kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Majengo, Dodoma, zilipokelewa kama tusi. "Hawa jamaa hawatutaki tena," alisema mzee wetu mmoja, fundi saa, ambaye kwa ninavyomfahamu hajawahi kuwa na safari ya Arizona.

Mimi nilinyamaza kwanza, kwa sababu nimewahi kufika. Mwaka 2019 nilikuwa kwenye mafunzo mafupi Phoenix, huko huko Arizona, na siku moja ya mapumziko tukaenda hadi mji mdogo wa Williams, tukapanda treni. Kiingilio cha mtu asiye na gari kilikuwa dola 20, tiketi ya siku saba. Nilivaa shati jepesi nikidhani jangwa ni jangwa. Kumbe ukingo wa kusini uko kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, karibu mita elfu moja juu ya Dodoma, na Machi ile theluji ilikuwa bado imelala chini ya misonobari. Baridi ya Makete kabisa. Kisha ukapiga hatua mbili, na ardhi ikaisha.

Sisi wa mikoa hii tunayajua makorongo. Kondoa yalikula mashamba mpaka serikali ikaanzisha mradi wa kuhifadhi ardhi, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Kwetu korongo ni aibu ya ardhi. Sasa fikiria korongo lenye urefu wa kilomita 446, karibu kutoka hapa hadi Dar es Salaam, na kina kinachopita kilomita moja na nusu, halafu mwaka ule niliofika watu karibu milioni 6 wakafika kulitazama. Utalii wa Tanzania nzima mwaka 2024 ulipata wageni wa nje milioni 2.1 na kidogo.

Nilisimama pale nikiwa nimelipa sawasawa na Mmarekani aliyekuwa pembeni yangu. Leo ningelipa dola 120, mara sita.

Ndiyo maana naelewa hasira ya kijiweni, na hoja ya wanaopinga bei mbili siyo ya kupuuzwa. Grand Canyon iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1979, na Marekani yenyewe iliridhia. Ukishasema kitu ni cha dunia, kumwambia mtu wa dunia alipe zaidi kunahitaji maelezo. Hoja yenye makali zaidi ni kwamba uraia si kipimo cha mfuko. Kwenye mageti yetu bei nafuu ni ya raia wa Afrika Mashariki. Mwalimu wa shule ya msingi kutoka Malawi, ambaye yuko jirani kabisa na Mbeya, akifika Hifadhi ya Ruaha, kule Iringa, anahesabiwa kundi moja na mwenye benki wa Zurich. Hilo halina utetezi mzuri, na mimi sitalitafutia.

Lakini mbona hatukuwahi kulalamika? Mwaka 2023 tulikwenda Ruaha, watu sita. Mbele yetu getini kulikuwa na mke na mume kutoka Uholanzi. Wao bei yao ni kama dola 30 kwa kichwa kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Sisi tulitoa shilingi elfu chache kila mmoja, chini ya bei ya kuku wa kienyeji hapa sokoni. Serengeti msimu wa juu mgeni anatozwa dola 70 kabla ya kodi. Miaka yote hiyo sijamsikia mtu wa kijiweni akisema tunawatukana Waholanzi. Wamarekani wamefanya kwa kuchelewa jambo ambalo sisi tumelizoea mpaka hatulioni. Wao hata wamelilainisha kidogo: wanatazama ukazi. Mgeni anayeishi Marekani kihalali, akiwa na kitambulisho cha serikali ya kule, hatozwi mia. Kwetu mgeni mkazi ana kundi lake la katikati, juu ya raia.

Watetezi wa bei mbili husema raia ameshalipa kupitia kodi. Kwa Marekani hoja hiyo inasimama vizuri, maana sehemu kubwa ya fedha za kuendesha hifadhi zao hutoka kwenye bajeti inayopitishwa na Bunge lao. Mkulima wa Ohio ambaye hajawahi kuiona Arizona ameshachangia mshahara wa mlinzi wa hifadhi kabla hajafika getini. Kwetu hoja hii tunaikariri tu. Hifadhi za Tanzania zimejengwa juu ya fedha ya mgeni, na kwa miaka mingi Kilimanjaro na Serengeti zimebeba mgongoni hifadhi ambazo mapato yake hayatoshi hata mafuta ya doria. Corona ilipofunga anga mwaka 2020 tuliona jinsi nguzo ile ilivyo moja. Kwa hiyo, kwa hesabu ya fedha taslimu, Mholanzi yule ndiye aliyelipia askari wa wanyamapori, na mimi niliingia kwa mgongo wake.

Hapo ndipo wengi huishia na kusema basi bei ya mwenyeji ni hisani. Na hapo ndipo ninapotofautiana nao kabisa.

Kabla ya kufika geti la Ruaha unapita Idodi na Tungamalenga. Upande wa pili kuna Pawaga. Hivi ni vijiji vya wakulima na wafugaji, na watu wake wanaishi na tembo kama sisi tunavyoishi na vumbi. Tembo akiingia kwenye mahindi yaliyokaribia kuvunwa, kwa usiku mmoja anamaliza chakula cha kaya cha miezi. Simba akiingia zizini, asubuhi unahesabu ng'ombe waliobaki. Serikali inatoa kifuta jasho, na jina lenyewe linakiri: si fidia, ni kitambaa cha kujifutia. Na hata kabla ya tembo kuna ardhi yenyewe. Mwaka 2008 hifadhi iliongezewa eneo la Usangu ikafikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000, mara nne ya Grand Canyon na zaidi. Usangu haikuwa tupu. Palikuwa na wafugaji, palikuwa na vijiji, na watu waliondolewa. Sababu ilikuwepo: mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi katika miaka ya 1990, na viboko wakabaki wakirundikana kwenye madimbwi ya matope. Sisemi uamuzi ulikuwa wa kipuuzi. Nasema kuna watu walioulipia, na hawakulipa kwa dola.

Kwa hiyo nikisikia mtalii akiandika kwamba amebaguliwa getini kwa sababu mtu wa Iringa ameingia kwa elfu chache, huwa natamani angelala usiku mmoja Pawaga mwezi wa mavuno, na debe la kupiga kelele mkononi. Mtu yule wa Iringa hajapewa punguzo. Amekatiwa sehemu ndogo sana ya deni.

Grand Canyon nayo ina deni la namna hiyo, na kwa kweli ndilo lililonibadilisha mimi. Ukitazama chini kutoka ukingo wa kusini unaona sehemu ya kijani katikati ya mwamba mwekundu, kwenye njia ya kuteremkia mtoni. Nilipofika 2019 iliitwa Indian Garden. Pale waliishi na kulima Wahavasupai, wenyeji wa asili wa korongo lile, mpaka hifadhi, iliyoanzishwa 1919, ilipowatoa. Wa mwisho aliondoka mwaka 1928. Tayari mwaka 1882 kabila zima lilikuwa limebanwa kwenye ekari 518 ndani ya bonde la pembeni, wakati maeneo yao ya kuwindia na ya kukaa majira ya baridi yalikuwa juu kwenye nyanda. Walidai karibu miaka mia. Mwaka 1975 wakarudishiwa kama ekari 185,000. Mwaka 2022 mahali pale pakaitwa Havasupai Gardens. Kijiji chao cha Supai bado kiko chini korongoni, hakifikiwi na gari, na barua zao hupelekwa na nyumbu, siyo wale wa Serengeti bali wale wa kubeba mizigo, watoto wa punda na farasi.

Ukiiweka hadithi hiyo mezani, tozo ya dola 100 inaonekana kwa jicho lingine. Wanaojiita wenyeji pale getini, wenye haki ya bei nafuu, wengi wao ni wageni wa juzi kwenye ardhi ile. Bei mbili inauliza swali sahihi, yaani nani mwenye nyumba, halafu inajibiwa na kitambulisho cha mkononi. Na kwetu ni hivyo hivyo, tuseme ukweli. Mimi, mtumishi wa Dodoma mwenye mshahara, nililipa sawasawa na mjane wa Idodi aliyeliwa shamba. Bei ya mwenyeji inanihesabu mimi kuwa mdai wakati sijapoteza hata gunzi. Ningekuwa na kalamu ya kupanga, kijiji kinachopakana na hifadhi kingeingia bure, mimi ningeongezewa kidogo, na mwalimu wa Malawi angeshushwa.

Hata hivyo, tunapobishana kuhusu bei ya geti tunabishana kuhusu kitu kidogo kuliko vyote kwenye safari, na jambo hili limenikaa moyoni tangu 2023. Viingilio vyetu sote sita havikufika laki moja. Kutoka Dodoma hadi Iringa, kilomita kama 260 za lami, tulikwenda kwa basi bila shida. Kutoka Iringa hadi makao makuu ya hifadhi pale Msembe ni kama kilomita 130, na hakuna daladala itakayokuzungusha ndani. Huruhusiwi kutembea kwa miguu bila askari, na ni haki, maana simba hasomi vibao. Lazima gari, na gari lenyewe liwe la kupanda na kushuka mito mikavu. Land Cruiser ya kukodi, siku mbili, na mafuta na dereva, iliondoka na laki tisa. Mara kumi ya viingilio. Tulichanga, tukapunguza siku ya tatu, tukapunguza na chakula. Mwenzetu mmoja alibeba makande kwenye ndoo kutoka nyumbani.

Linganisha na nilichokiona kule. Reli ilifika ukingoni mwaka 1901, miaka 18 kabla pale hapajawa hifadhi ya taifa. Ukishuka kwenye treni, unatembea dakika chache na korongo liko mbele yako. Ndani kuna mabasi ya hifadhi yasiyo na nauli yanayokupeleka kituo kwa kituo, na njia ya kutembea pembezoni mwa ukingo. Na kwa anayekuja na gari, dola 35 ni za gari zima kwa siku saba, mkiwa wawili au mkiwa saba mmebanana. Nilimwona bibi mmoja mwenye magongo akishushwa kwenye basi, akafika kwenye ukuta wa mawe, akatazama, akapanda basi lililofuata. Hakuhitaji Land Cruiser. Ni kweli korongo halina simba, na kutazama bonde ni rahisi kuliko kumtafuta chui. Lakini mtu aliamua kwamba mtu wa kawaida afike, akaweka basi. Na ndiyo maana tozo mpya inauma zaidi ya kiasi chake: imeacha kuhesabu gari na kuanza kuhesabu vichwa, na familia ya Kihispania ya watu wazima watano iliyokuwa ikilipa 35 sasa, bila kadi ya mwaka, inadaiwa 535.

Sisi tumefanya kinyume chake. Tumeshusha bei ya geti hadi karibu na sakafu, tukaacha kilomita mia na thelathini kati ya mtu na Msembe. Takwimu za mwaka 2024 zinasema watalii wa ndani walifika milioni 3.2, na mimi nafurahi, ila ningependa kujua ni wangapi kati yao waliolala Msembe na ni wangapi walioshushwa na basi la shule kwenye hifadhi iliyo kando ya barabara kuu.

Kijiweni nilipomaliza kusema haya, fundi saa alinywa kahawa yake hadi chicha, akaniuliza Ruaha kuna nini cha ajabu hasa. Nikamwambia mibuyu kama ya hapa, ila tembo wameichimba ubavuni mpaka jua linapita upande wa pili. Akasema hajawahi kumwona tembo aliye hai. Ana miaka sitini na nane, amezaliwa Mpwapwa.

Tumeandikishana tena kwa ajili ya Agosti, watu kumi na mmoja, yeye akiwa wa nne kwenye karatasi. Fedha ya kiingilio ameshaitoa, imekunjwa kwenye bahasha ya saa. Gari bado.