Majumba tunayo, hoteli tunajenga za vigae

Ndugu zangu wa Bagamoyo, naandika kutoka Chile, ninakoishi siku hizi. Juzijuzi kazi ilinifikisha Punta Arenas, kusini kabisa, kwenye Mlangobahari wa Magellan, penye upepo wa kumvua mtu kofia aliyoishikilia. Nikalala Hoteli José Nogueira. Jumba lenyewe lilijengwa kati ya 1895 na 1905 na mjane wa huyo Nogueira, Sara Braun, tajiri wa kondoo na sufu. Hawakulibomoa waweke ghorofa la vioo. Bustani yake ya ndani bado ina mzabibu uliotanda chini ya paa la kioo, na ndipo wageni wanapokula, nje baridi inakata masikio.

Nikawaza kwetu. Punta Arenas ilitajirika kwa meli zilizozunguka Amerika Kusini, hadi Mfereji wa Panama ulipofunguliwa 1914. Sisi nasi, Wajerumani walishatuhama 1891, wakahamishia makao yao makuu Dar es Salaam. Miji miwili iliyorukwa. Wenzetu wanakula kwa jumba la mjane. Sisi pita Mtaa wa India uone. Kuta za matumbawe, boriti za mikoko, mlango wa nakshi umefungwa kwa waya, na ndani mpapai umeota.

Msiniambie hela. Kinachoua nyumba zile ni mirathi: mrithi mmoja Muscat, mwingine Tandika, hakuna anayekubali mwenzake aanze. Akipatikana wa kukarabati, fundi anapiga plasta ya saruji juu ya chokaa. Unyevu unakosa pa kutokea, na masika ya pili plasta inabanduka vipande vizima. Kisha tunasema nyumba mbovu, ivunjwe.

Sisemi ya kwao yote mazuri. Asubuhi kila mtu na meza yake, hata “umeamkaje” hakuna. Kwetu chai haijapoa mgeni ameshaulizwa ukoo wake. Labda hilo ndilo linalotuponza: ukija nyumbani ukalale hoteli, shangazi atanuna mpaka Idi. Basi wanaojenga hoteli hawajiulizi wao wenyewe wangependa kulala wapi. Wanaweka vigae na kiyoyozi, yamekwisha.

Warithi wakae kikao. Kiwanja kisiuzwe, nyumba ipangishwe kwa mkataba, sharti ukarabati uwe wa chokaa na mlango usiguswe. Baraza ibaki ya wazee na kahawa yao. Kodi igawiwe kwa wote, hata yule wa Muscat.