Paka Wetu Maiti

Jamani, nani aliwafundisha watoto wa siku hizi kutoa majina? Binti yangu kaokota paka mweusi tititi nyuma ya Marikiti, kamleta nyumbani Kibokoni, Mombasa, na jina keshamchagulia: Maiti.

Nikamwambia, mwanangu, si umwite Makaa tu? Akanicheka. Eti wenzake wa mtandaoni paka kama huyu humwita Salem, kwa ule mji wa Marekani ambako watu 19 walinyongwa mwaka 1692 kwa tuhuma za uchawi. Sasa hapa Salem atamtisha nani? Ita "Salim!" kichochoroni kwetu uone, wanatoka wanne, mmoja ana hamri mdomoni. Ndiyo binti akatafuta la kutisha.

Kumpeleka kwa daktari wa mifugo, naulizwa jina la mgonjwa. "Maiti." Karani kaweka kalamu chini. "Sasa mzee, hapa mumemleta afanywe nini?"

Na mimi sina pa kusemea, kitambulisho changu kimeandikwa Mashaka. Mama alizika wawili kabla yangu, nyanya akaona kitoto hiki kipewe jina baya, mauti yakipita yasikitamani. Binti analijua hilo. Nikifungua mdomo tu: "Baba, wewe Mashaka na umefika 54, mwache Maiti wangu aishi." Na karo yake nalipa mimi!

Juzi magharibi paka haonekani, mtoto analia. Nikatoka na kikoi changu, kichwa cha samaki changu kwenye sahani, naita kichochoro kizima: "Maiti! Maiti!" Jirani kafungua dirisha. "Inna lillahi! Nani tena?"

"Ni Maiti wa binti yangu, hajulikani alipo tangu asubuhi."

Akafunga dirisha. Nikadhani kaelewa.

Narudi saa mbili, mikeka imetandikwa barazani, madele mawili ya kahawa, wazee wanavuta tasbihi. Mmoja ananinong'oneza: tunazika makaburini Kikowani kesho baada ya adhuhuri, au tuwangoje ndugu wa Lamu? Mara binti huyo mlangoni, mzima, macho mekundu, anauliza kama kuna aliyemuona Maiti. Wallahi kikombe cha ustadhi kilianguka chenyewe.

Paka karudi saa tano, kashiba sijui kwa nani. Ila kuna viti 40 vya kukodi nje, na mwenyewe anasema pesa ya siku ni ya siku, awe amekufa mtu au hakufa.