Wahame bondeni au wajiandae humohumo? Mpangaji hayumo kwenye hesabu

Kila masika yakikaribia, Dar es Salaam hurudia ubishi uleule. Kuna wanaosema kumsaidia mkazi wa Bonde la Msimbazi ajiandae na mafuriko ni kumbembeleza aendelee kukaa asipopaswa kukaa, ahame, basi. Wengine wanajibu kwamba watu wako pale leo na mvua haingoji viwanja wala fidia, kwa hiyo wasaidiwe hapohapo walipo. Kila upande una hoja nzito. Lakini pande zote mbili zinamruka mtu mmoja, naye ni mpangaji.

Tuanze na wanaotaka watu wahame. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unapokea maji ya Sinza, Ubungo na Luhanga, kisha unapita Kigogo na Jangwani hadi baharini kwenye Daraja la Salander. Maji kutanda Jangwani ni tabia ya mto wenyewe, na mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulikwisha kuyahesabu mabonde haya kuwa ardhi ya hatari. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo jiji halikuwa limeiona tangu 1954, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi, iliyojengwa Jangwani na wahandisi wenye fedha na vifaa, imefunikwa na maji zaidi ya mara moja. Chumba cha tofali za simenti kitaponea wapi?

Tena kujiandaa kila mtu kivyake kuna madhara yake. Ukipita vichochoro vya bondeni utaona milango yenye vizingiti vya zege vinavyofika magotini, unapanda ngazi mbili ndipo ushuke ndani. Kitanda kimeinuliwa juu ya matofali, friji imewekwa juu ya meza. Mwenye uwezo humwaga kifusi uani mpaka kiwanja chake kiwe juu kuliko njia. Ila maji aliyoyazuia hayapotei, yanaingia kwa jirani asiye na hela ya kifusi. Mvua ikikolea usiku, wapo wanaotapisha vyoo, na uchafu wote unapita milangoni mwa watu walioko chini yao. Kipindupindu hakiko mbali na hapo. Kwa jambo hili wanaosema watu wahame siwapingi hata kidogo.

Lakini kuhama nako tumekujaribu. Baada ya mafuriko ya 2011 familia zilipewa viwanja Mabwepande, karibu kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Kwa mama anayenunua samaki Feri alfajiri na kuwakaanga jioni, au kijana anayebeba mizigo Kariakoo, umbali huo ni nauli inayomaliza mtaji. Wapo waliorudi. Mwishoni mwa 2015 alama za X nyekundu zikachorwa ukutani, nyumba zikabomolewa, na baada ya muda watu wakaonekana tena bondeni. Safari hii kuna mradi mkubwa zaidi wa kuendeleza bonde, wa dola milioni 200 zinazotoka Benki ya Dunia, Hispania na Uholanzi: fidia, daraja jipya la Jangwani, kuchimbua mto, bustani ya jiji. Mradi huu nauunga mkono. Kumlipa mtu kabla ya kumbomolea ni hatua ya kweli.

Ila fidia hufuata nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Nyumba moja ya uswahilini inaweza kuwa na vyumba sita, kila chumba familia yake. Mwenye nyumba akilipwa, atatafuta kiwanja Chanika au Kivule. Mpangaji, hata akipewa cha kuhamishia vyombo, atatafuta chumba cha kodi ileile, karibu na kibarua kilekile, na vyumba vya kodi hiyo vingi viko sehemu nyingine za mabondeni, kama Tandale au Vingunguti. Amehama, na mafuriko yatamkuta huko.

Ndiyo maana sikubaliani na hoja kwamba maandalizi yanawang'ang'aniza watu bondeni. Mpangaji hana ukuta wala kiwanja cha kung'ang'ania. Kinachomweka pale ni kodi, na kipaza sauti cha kutangazia hatari hakiwezi kumfanya alipende bonde.

Maandalizi yenyewe yawe ya mtaa mzima. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Ni taarifa muhimu, lakini mtu wa bondeni anataka kujua maji yatafika wapi, saa ngapi, naye akimbilie wapi. Mvua kubwa ikipiga Pugu, Jangwani inaweza kufurika hata kama hapo penyewe hakujanyesha. Mradi wa Ramani Huria umeonyesha tangu 2015 kwamba ujuzi huo upo mitaani: wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi walichora mitaro, makalavati na nyumba, na wakazi wakaeleza maji yalifika wapi kwa kipimo cha mwili, gotini au kiunoni. Ramani hizo zikiishia kwenye kompyuta za wataalamu, hazitamwamsha mtu saa nane ya usiku. Atakayemwamsha ni mjumbe wa shina, anayejua chumba gani kina mgonjwa asiyeweza kutembea.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazitambua kamati za maafa hadi ngazi ya chini. Zipewe fungu la tochi, kamba, mabuti na vipaza sauti, na fedha za kuzibua mitaro kabla ya vuli na masika. Na kila bonde linapobomolewa, mitaa inayopokea watu iwaandikishe wapangaji wapya, chumba kwa chumba, kwa jina, namba ya simu na idadi ya watoto. Mjumbe anaweza kuianza kazi hiyo wiki hii kwa daftari na kalamu, wala haihitaji kungoja mkopo wa mtu.