Posa ya Sura ya Kumi na Tano

Mshenga alipokinyanyua kile kitabu juu na kusema, "Ndugu zangu, tuanze na Neno," chai ilinipalia.

Kilikuwa *Emma* cha Jane Austen. Toleo la wakusanyaji: jalada gumu la kitambaa cheusi, kingo za kurasa zimepakwa dhahabu, utepe mwekundu katikati. Jina limeandikwa mgongoni tu, kwa herufi za kuhitaji miwani, na miwani ya mshenga ilikuwa mfukoni. Riwaya yenyewe ilitoka mara ya kwanza Desemba 1815 kwa juzuu tatu, na mwandishi aliiandika Chawton, si mbali na hapa Southampton tunakoishi. Ndiyo maana nilikitoa kabatini, wageni wakione. Kinahusu binti aliyejipa ushenga wa kijiji kizima, na posa anazopanga zinakwenda mrama.

Sasa mtu aliyekwishafumba macho utamkatizaje? Aliombea mahari, akaombea viza, akaombea hata kipasha joto changu kilichokuwa kinakohoa pembeni. Sote, amina. Kisha akamkabidhi kitabu mdogo wa bwana harusi, kijana aliyezaliwa hukuhuku.

"Tusomee hapo penye utepe."

Kijana akasimama wima. "Sura ya kumi na tano," akatangaza kwa sauti ya kanisani, na Kiswahili chake kikaishia hapo. Sura inaanza na mzee, Bwana Woodhouse, ambaye akishakunywa chai anataka kurudi nyumbani. Mshenga akaitikia kwa kichwa; wazee wa aina hiyo anawafahamu. Theluji ikaanguka. Magari ya farasi yakaletwa. Bwana Elton, kasisi wa kijiji, divai ikiwa imemchangamsha, akabaki peke yake garini na Emma, akamkamata mkono na kummwagia mapenzi, na kijana bado anasoma, hapumziki hata penye mkato.

"Huyu Elton," Mama Mkubwa akaninong'oneza, "yumo Waamuzi au Wafalme?"

Mpwa wangu, mwenye posa yake, alikuwa anapita na birika. Kitabu hicho alikisoma shuleni. Alijikaza, maskini. Kicheko kilipomshinda, chai ya maziwa ilitua yote mikononi mwa kijana. Kurasa zilivimba mpaka jalada likagoma kufunga, na kinanuka iliki hadi leo.

Mama Mkubwa alipoelezwa, akadai faini. Kwenye posa zetu mshenga akikosea analipa, na huyu alikuwa amewaombesha watu wazima kwa riwaya. Pauni 50! Mshenga akakataa katakata: kitabu chenu, meza yenu, utepe mmeuweka wenyewe, mtego ni wa mwenye nyumba. Walivutana hapo kuliko walivyokuja kuvutana kwenye mahari. Wakakubaliana 30, zikaingia mkobani mwa Mama Mkubwa. Mwenye kitabu sikuambulia hata senti.

Wakati wa kuondoka, mshenga akiwa anavaa koti, akamvuta mpwa wangu pembeni.

"Mjukuu wangu, yule Elton alikubaliwa?"

"Hapana, babu. Alikataliwa mlemle garini. Akaenda Bath, akarudi na mchumba mwenye fedha."

Mzee akaguna, mkono mmoja umekwama kwenye koti.

"Alikwenda kuposa mwenyewe? Usiku? Na divai kichwani?"