Kushuka mlima si kupumzika
Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anasema ugumu wa mbio za milimani uko kwenye kupanda, kwamba kushuka ni mapumziko. Hapo ameteleza, na nasema hivyo kwa sababu mimi niliteleza kwelikweli. Mbio zangu ndefu za kwanza nilipanda vizuri tu: hatua fupifupi, na palipoinuka sana natembea, mikono imekandamiza magoti (si aibu, hata mabingwa hutembea). Kufika kwenye mteremko nikajiachia. Nusu saa baadaye mapaja yanatetemeka kama ya mtu mwenye homa. Ukishuka, msuli wa mbele ya paja unakaza huku unavutwa. Kila hatua ni breki. Kesho yake nilishuka ngazi kinyumenyume, na kucha za vidole gumba vya miguu zimekuwa nyeusi kwa sababu sikukaza kamba za viatu. Uzembe wangu huo.

Ndiyo maana namvulia kofia Bob Graham, aliyezunguka vilele 42 vya Lake District, Uingereza, ndani ya saa 24 mwaka 1932. Kupanda huko naelewa. Kushuka mara 42 ndiko kunakonishinda.